Vakyumu za zamani: unayo ipi, na kwa nini huiachi?

Mama_Mazulia, Chumbageni

Assalaam alaykum, na habari za asubuhi kwa wote.

Kazi yangu ni kusafisha mazulia hapa Tanga mjini. Nina wateja wa majumbani, Chumbageni na Raskazone, pamoja na misikiti kadhaa ya Ngamiani inayoniita Ramadhani ikikaribia na tena kabla ya Maulidi. Mashine za kuvuta vumbi ninazo mbili. Moja ni ya plastiki, ya kopo ambalo uchafu unauona ndani, nimeinunua dukani si zamani. Ya pili ni Hoover Junior ya kusimama, ile ya mpini mrefu na mfuko wa kitambaa unaoning'inia nyuma. Hiyo ameniachia marehemu baba. Alikuwa mtunza stoo kwenye shamba la mkonge, na meneja mmoja alipokuwa anarudi kwao aliuza vyombo vya nyumba nzima. Baba akachukua mashine hiyo na meza ya chakula. Kwenye bamba lake pameandikwa Perivale, Uingereza.

Kinachonitatiza ni hiki. Zulia la msikiti, lile nene lenye mistari ya safu, napitisha ile ya plastiki mpaka kopo halipokei kitu tena. Kisha narudia palepale kwa Junior, na nikikung'uta mfuko unatoka mchanga. Mchanga kabisa, mzito, unaousikia ukidondoka kwenye gazeti. Na ile ya plastiki imeandikwa wati 2000 kwa maandishi makubwa ubavuni, wakati Junior wati zake hazifiki hata robo ya hizo.

Mwanangu wa kiume anasema hilo dude nilipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu, nitafute ya kisasa ya pili. Moyo wangu haukubali. Ila nikikaa naye kubishana sina hoja zaidi ya kwamba ni ya baba.

Sasa nauliza wenye nazo. Mnamiliki zipi za zamani, mnazipendea nini, na vipuri mnapata wapi kwa hapa Tanga? Na huo mchanga, ile mpya inauacha kwa nini?

Fundi_wa_Koili, Ngamiani

Wa alaykum salaam dada yangu. Kwenye chuma chakavu usipeleke. Wao watakupimia kilo, watavunja bodi, watachomoa shaba, basi. Mashine hiyo ina uhai mrefu bado, na nitakueleza kwa nini.

Nasuka mota. Feni, pampu, grenda, mashine za juisi, na vakyumu zinazoletwa na watu wa hoteli na misikiti. Nimefungua za kila aina, kwa hiyo ninachosema nimekishika kwa mkono.

Nianze na wati, maana hapo ndipo watu wanapodanganywa. Wati zinakwambia mashine inakula umeme kiasi gani. Hazikwambii inavuta uchafu kiasi gani. Mota mbovu yenye feni mbaya na bomba linalovujisha hewa inaweza kula wati 2000 na nusu yake ikaishia kuwa joto na kelele. Wazungu wenyewe wameliona hilo. Umoja wa Ulaya kuanzia Septemba 2014 ulizuia kuuza vakyumu za nyumbani zinazozidi wati 1600, na mwaka 2017 wakashusha kikomo hadi 900. Henry, ile nyekundu yenye uso, siku hizi ina mota ya wati 620 na inafanya kazi yake vizuri tu. Kwa hiyo hayo maandishi makubwa ubavuni yasikutishe.

Sasa mchanga. Chomoa plagi, pindua Junior yako, angalia mdomo wake chini. Utaona rola. Juu ya rola kuna mistari ya brashi, na katikati ya brashi kuna vipande vigumu vilivyonyooka. Rola inazungushwa na mkanda wa mpira unaotoka kwenye shafti ya mota. Ukiiwasha, hewa inalinyanyua zulia kidogo likagusa rola, na vile vipande vinalichapa kwa kasi kubwa, kama godoro linavyochapwa uani. Mchanga uliozama kwenye mashina ya nyuzi unaruka juu, hewa inaudaka. Hoover walianza kuweka vipande hivyo vya kuchapa mwaka 1926, na mpaka leo sijaona kitu kinachoutoa mchanga zaidi ya hapo. Hiyo yako ya kopo, bila shaka ina kichwa bapa kinachovuta tu. Kwenye vigae na kwenye zulia jembamba ni nzuri sana. Kwenye zulia nene inachukua vumbi la juu, mchanga unabaki chini umetulia.

Na mchanga ndio adui, dada. Vumbi linachafua tu. Chembe ya mchanga ina kingo kali, na kila anayekanyaga anaisukuma isugue uzi kwenye shina. Angalia zulia la msikiti wowote uliokaa miaka, mahali panapochakaa kwanza ni pale mlangoni na mstari wa kupitia kwenda safu za mbele. Sisi tuna mchanga mweupe wa pwani, tuna udongo mwekundu wa watu wanaotoka Pongwe na Muheza, na vyote vinaingia na nyayo zilizotawadha bado zina maji. Ndiyo maana nasema mji kama huu unahitaji mashine inayochapa.

Tukija kwenye vipuri. Hapa ndipo ninapozipendea za zamani, na naomba mnivumilie niseme kwa urefu.

Majuzi nililetewa Junior ya mtu mwingine, imekaa stoo miaka, ikiwashwa inanguruma na kunusa mpira. Skrubu zake zote ni za kawaida, bisibisi bapa inatosha. Hakuna kilichobanwa kwa gundi wala kwa vijino vya plastiki vinavyovunjika ukivifungua. Nikatoa kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Zimebaki fupi, chini ya milimita 6, na moja imekwama kwenye nyumba yake kwa vumbi. Vakyumu mpya nyingi za bei rahisi ukifika hapo umekwama, maana kaboni yake ni ya umbo lake peke yake na mota imefungwa isifunguliwe. Hii nilichukua kaboni ya grenda, kubwa kidogo, nikaisugua kwa msasa juu ya kioo mpaka ikaingia kwenye nyumba yake bila kubana na bila kuchezacheza. Halafu nikazungushia msasa laini kwenye komyuteta, ile ngoma ya vipande vya shaba inayoguswa na kaboni, uso wa msasa ukitazama nje, nikaipeleka kaboni mbele na nyuma hadi ncha yake ikachukua mviringo wa komyuteta. Hili msiliruke. Kaboni yenye ncha bapa inagusa mahali padogo, inatoa cheche, na cheche ndizo zinazokula shaba.

Komyuteta yenyewe isome rangi. Ikiwa ya kahawia, inang'aa kama imepakwa chai, iache hivyo hivyo, hiyo ni afya. Ikiwa nyeusi yenye makovu, isafishe kwa msasa laini kabisa, kisha ile mifereji katikati ya vipande vya shaba uipitishe kijiti cha mwanzi kilichochongwa kikali, unga wa kaboni utoke. Ukiacha unga humo, umeme unaruka kutoka kipande hadi kipande. Baada ya kusafisha, washa gizani uangalie. Cheche ndogo za buluu pale kaboni inapogusa ni kawaida. Ukiona duara la moto linazunguka komyuteta nzima, zima, amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, ina tatizo, lete nisuke.

Mkanda wa rola usitegemee kuupata dukani. Mimi nakata pete kwenye tyubu ya baiskeli, na katika mji wa baiskeli kama wetu tyubu kuukuu ni bure kwa fundi yeyote. Pete hiyo inalegea mapema kuliko mkanda halisi, kwa hiyo kata kadhaa uwe nazo kwenye begi la kazi. Unajua imelegea pale rola inaposimama ukiibonyeza kwenye zulia, au unaponusa mpira unaungua. Ukifunga pete mpya hakikisha rola inazunguka upande uleule iliokuwa inazunguka. Mkanda ukiusokota vibaya rola inarudi nyuma, na mashine inakuwa nzito kusukuma.

Mambo mawili ya tahadhari kabla sijamaliza, na ninayasema kwa uzito. Junior inapitisha uchafu wote kwenye feni kabla haujafika kwenye mfuko. Msumari, kokoto, sarafu, vyote vinapiga mapanga ya feni. Kwa hiyo fagia kwanza kwa ufagio wa chelewa, okota vigumu, ndipo uwashe. La pili ni waya. Waya za mpira za zamani zinakauka, ukizikunja zinapasuka na shaba inaonekana. Badilisha waya mzima, usizungushie soltepu. Rangi za Kiingereza za zamani ni nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Za sasa ni kahawia, buluu, na kijani chenye njano. Asiyejua akichanganya, bodi ya chuma inaweza kuwa na umeme, na wewe unafanya kazi miguu mitupu kwenye zulia lenye unyevu. Na kwenye plagi weka fyuzi ya ampea 3, ile ya 13 ni kubwa mno kwa mashine ndogo hivyo.

Mwalimu_Mstaafu, Raskazone

Nimefurahi kuona mada hii. Fundi ameeleza vizuri, nami niongeze upande wa zile za kuburuta.

Ya kwangu ni Electrolux ya silinda, iliyotengenezwa Luton, Uingereza. Ni ndefu, imelala chini juu ya vyuma viwili vilivyopinda kama vya sleji, unaivuta kwa bomba lake inakufuata. Umbo hilo lilianza Sweden mwaka 1921, kwa mashine waliyoiita Model V, chini ya Axel Wenner-Gren. Kabla ya hapo mashine nyingi zilisimama wima na ilibidi uzinyanyue. Yeye akalaza silinda, akaiwekea vyuma vya kuteleza, na fikra hiyo imeishi mpaka leo kwenye kila vakyumu inayoburutwa.

Ninachokipenda zaidi kwenye hii ni tundu la nyuma. Unachomoa bomba mbele, unalichomeka nyuma, mashine inapuliza. Nyumba yangu iko karibu na bahari, na nyavu za mbu za madirishani hushika vumbi lililochanganyika na chumvi, zinaziba hata upepo haupiti. Kitambaa kinalisukuma tu vumbi liingie zaidi kwenye matundu. Nasimama ndani, napuliza kuelekea nje, dirisha moja baada ya jingine. Vitabu pia, nyuma ya redio, na louva ambazo vidole havifiki. Sijaona mashine mpya ya dukani hapa yenye tundu hilo.

Wengi hawajui kwamba zamani vakyumu haikuwa kitu cha kuingizwa nyumbani. Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza ya kwanza yenye nguvu kweli, ikiendeshwa na injini ya petroli, imewekwa kwenye mkokoteni wa farasi. Inasimama barabarani, mabomba marefu yanapitishwa madirishani, wafanyakazi wanaingia nayo ndani. Kwa mashine hiyo ndiyo walisafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa mfalme Edward VII mwaka 1902. Kabla ya hapo Booth alikuwa ameona mashine iliyokuwa inapuliza vumbi badala ya kulivuta, akasema vumbi lisukumwe wapi? Akaweka leso kwenye kiti cha mgahawa, akaweka mdomo akavuta hewa kwa nguvu, akaigeuza leso na kuona uchafu umeganda upande wa pili. Jaribio zima ni hilo. Kitambaa, hewa, na uchafu unaobaki kwenye kitambaa. Mfuko wa Junior ya mama hapo juu ni ile leso imeshonwa kubwa.

Na huyo aliyeanzisha za mkononi, James Murray Spangler, alikuwa msafishaji wa jengo la duka huko Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na pumu, na vumbi la ufagio lilikuwa linamuua. Akachukua mota ya feni, sanduku, mpini wa ufagio, na foronya ya mto kuwa mfuko. Hataza akaipata mwaka 1908, kisha haki zikachukuliwa na William Hoover, ambaye biashara yake ilikuwa bidhaa za ngozi na matandiko ya farasi. Jina likawa la Hoover. Mimi kila nikiiona mashine ya namna hiyo namkumbuka yule msafishaji mgonjwa wa kifua, maana ni kazi hii hii ya mama wa Chumbageni iliyoizaa.

Kuna moja ninayoitamani sijaipata, Hoover Constellation ya miaka ya 1950. Ni tufe, duara kama mpira, na hewa inayotoka nyuma inaelekezwa chini ili mashine ielee juu ya sakafu unapoivuta. Kwenye sakafu zetu za saruji iliyopigwa nili na kusuguliwa ingeteleza vizuri. Mwenye nayo aniandikie.

Mtumba_wa_Vyombo, karibu na soko la Mgandini

Mimi nauza, kwa hiyo nisemee macho ya mnunuzi.

Kitu cha kwanza soma bamba. Ikiwa imeandikwa 110 au 120, ni ya Marekani. Ikiwa 100, ni ya Japani. Umeme wetu ni volti 230, ukichomeka moja kwa moja inalia juu kidogo halafu moshi. Nimeona watu wakifanya hivyo mbele ya duka langu na mali ni yao tayari. Hezi 50 au 60, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, zisikusumbue, mota hizi hazijali. Volti ndizo zinaua.

Zipo Kirby zinazoingia na makontena, za alumini tupu, nzito, nzuri kupindukia, zina rola ya kuchapa kama aliyoieleza fundi. Nyingi ni za 120. Ukiipenda lazima ununue na transfoma ya kushusha, na transfoma iwe kubwa kuliko wati za mashine, usinunue ile ndogo ya redio. Mteja asiyetaka kubeba transfoma namwambia aiache.

Pili, bomba. Liinue mwangani ulivute polepole, angalia kila pindo. Bomba likiwa na ufa wa ukucha mashine inavuta hewa ya pembeni na mdomoni hakuna kitu. Tatu, zungusha mota kwa mkono. Ikikwaruza ni beringi. Mota nyingi zinatumia namba 608, milimita 8 ndani na 22 nje, hiyo ipo kila duka la vipuri.

Zinazotoka haraka kwangu ni Henry. Zinatengenezwa Chard, Uingereza, zilianza 1981, na ya miaka hiyo bado inakubali mfuko wa leo. Hilo ni jambo kubwa. Mashine ambayo mwenye kiwanda hakuibadilisha kila mwaka ndiyo utakayoipatia kipuri.

Kijana_wa_Makorora

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Fundi. Naheshimu mlichosema lakini naomba tupime upande wa pili.

Mfuko wa kitambaa unavujisha. Vumbi dogo kabisa, lile lisiloonekana, linapita kwenye nyuzi na kurudi chumbani. Mwalimu ametaja pumu ya Spangler. Sasa mama anaingia kwenye nyumba zenye watoto wa pumu, anawasha Junior, anaondoa mchanga na kupuliza vumbi laini hewani. Mashine mpya yenye chujio la HEPA huzuia angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Hakuna kitambaa cha zamani kinachokaribia hapo. Pia za zamani hazina kizuizi cha joto. Bomba likiziba mota inaungua kimyakimya.

Sisemi zitupwe. Nasema tusizisifie kwa kila kazi.

Fundi_wa_Koili, Ngamiani

Marahaba mdogo wangu. Umesema kweli kuhusu vumbi laini, na sina la kupinga. Pumu ni pumu.

Ila angalia kitu kimoja kabla hujanunua hiyo HEPA ya dukani. Chujio peke yake halitoshi. Hewa inafuata njia rahisi. Kama kifuniko cha plastiki hakikazi vizuri pembeni, vumbi linapita ubavuni mwa chujio bila kuligusa. Nimezifungua nikakuta chujio jeupe safi na mota yote imejaa unga. Paka unga wa sembe kidogo kwenye zulia, vuta, kisha fungua uangalie nyuma ya chujio. Ukikuta weupe huko, hiyo HEPA ni maandishi tu.

Kwa nyumba ya mgonjwa wa pumu ningechukua mashine ya pipa yenye mfuko mzuri wa karatasi au wa nyuzi, na ya zamani ninayoiamini kwa hilo ni Nilfisk za alumini, za Denmark. Hao walianza vakyumu mwaka 1910, ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 17.5. Za baadaye kama GS80 na GM80 zina pipa la alumini, mfuko ndani, na chujio kubwa la kitambaa juu ya mfuko. Kichwa cha mota kinakaa juu ya pete ya mpira na kubanwa kwa vibano vya chuma. Hewa haina pa kutorokea. Zilitumika sana kwenye maabara na viwanda vya uchapaji, mahali ambapo vumbi halivumiliwi.

Kwa hiyo dada, kwa misikiti na mazulia mazito, Junior. Fungua madirisha yote, fanya baada ya Dhuhuri watu wakishaondoka, ujifunge kitambaa puani. Kwa nyumba za watoto wagonjwa, ya pipa.

Kuhusu joto, kijana yuko sahihi pia. Dawa yake ni kutojaza mfuko. Ukifika nusu, mwaga. Mfuko uliojaa unaziba hewa, na kwenye nyingi za silinda hewa hiyo ndiyo inayoipoza mota.

Mama_Mazulia, Chumbageni

Jamani Mungu awabariki. Nimemsomea mwanangu yote, na amekwenda mwenyewe kuipindua mashine kuangalia rola. Kazi ya chuma chakavu imekufa.

Mwalimu, hiyo ya Spangler imenigusa sana. Sikujua kwamba aliyeianzisha alikuwa mfagiaji.

Nina maswali yaliyobaki. Mfuko wa Junior umechakaa chini kwenye mshono, nashona wa kitambaa gani? Niufue mara ngapi? Na chumvi ya hewa ya hapa, mpini wake umeanza kutoa madoa ya kutu.

Fundi_wa_Koili, Ngamiani

Mfuko shona wa drili nzito, ile ya sare za kazi, ufumaji wake ni wa mshazari na umebana. Kitambaa cha marekani ni chepesi mno, vumbi litakutoka usoni. Mpe fundi cherehani mfuko wa zamani aufumue autumie kama kielelezo, mishono iwe ya kukunja mara mbili, ncha za kitambaa zisibaki ndani maana uchafu unang'ang'ania hapo. Ule mdomo wa chini unaovaa kwenye shingo ya mashine usibadilishe kipimo hata kidogo. Clipu yake ya chuma ichomoe uihamishie kwenye mpya.

Usiufue. Kitambaa kipya kinavujisha zaidi kuliko kilichozoea. Vumbi kidogo likishakaa kwenye nyuzi linakuwa sehemu ya chujio. Kung'uta nje, piga kwa fimbo ukiugeuza ndani nje, uanike juani. Ukiufua unarudi mwanzo, na ukiuvaa na unyevu vumbi linageuka tope.

Kutu isugue kwa msasa wa maji laini ukitumia mafuta ya cherehani, kisha futa na uache utando mwembamba wa mafuta hayohayo. Mashine ikilala usiifunike kwa nailoni. Masika ikija jasho linabaki ndani na kutu inaongezeka. Ifunike kwa kanga kuukuu, iweke juu ya mbao, isikae moja kwa moja kwenye saruji. Vipande vya alumini vikitoa unga mweupe ni chumvi hiyohiyo, futa kwa kitambaa chenye maji matamu, kausha, mafuta kidogo.

Ilete Jumamosi kama unaweza. Nitakutazamia beringi na kaboni, na tutaweka waya mpya wa nyuzi tatu kama bodi yake ina mahali pa kufunga ethi. Waya wa zamani usiukate, nataka kuona umeingiaje.

Mtumba_wa_Vyombo, karibu na soko la Mgandini

Fundi, nina pipa la alumini hapa limeanguka kwenye kontena, ukingo umepinda. Kichwa hakikai sawa. Linarudi?

Fundi_wa_Koili, Ngamiani

Alumini inarudi ukiigonga taratibu kwa nyundo ya mbao juu ya kitu cha mviringo, usitumie nyundo ya chuma. Njoo nalo pamoja na pete yake ya mpira. Bila pete siwezi kukuhakikishia kama ukingo unafunga.